Mazoezi ya Kutosimama

Kwa siku sita mfululizo Adui alikuja nyumbani kila asubuhi kumfundisha baba kutosimama.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Baba aliketi kwenye kiti chake cha magurudumu katikati ya chumba, blanketi magotini. Adui alitoka nje, akavuta mlango, akahesabu moja mpaka tano, kisha akaingia kwa kishindo, kifua mbele, mpini wa ufagio umebanwa kwapani mwa ule mkono mmoja aliobaki nao. Alisimama mbele ya baba akanguruma:

"Koplo!"

Baba akamtazama tu.

"Koplo, hujambo?"

"Sijambo, mwizi wa kuku wewe."

"Usiseme mwizi wa kuku. Sema 'sijambo, afande', na matako yasitoke kitini. Tena!"

Binti wa nyumba alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, anachambua maharage na kuzuia kicheko. Mtaani walimwita Kimya. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, lilijiotea lenyewe. Akitumwa dukani aliweza kusimama kaunta robo saa nzima, wateja watano wakimpita, kabla hajapata ujasiri wa kusema anataka chumvi. Darasa la tano, mwalimu aliita majina wiki mbili akimwandika kwamba hayupo, naye yupo, anaitika kwa sauti ya kusikiwa na dawati peke yake. Mama yake alipofariki mwaka uleule, aliacha shule ili amtunze baba, na kusema kweli hakuna aliyegundua mapema kwamba kiti chake kiko wazi.

Sasa alikuwa na miaka kumi na tisa, na baba alikuwa na siku sita za kujifunza kukaa.

Mtu asiyejua angecheka. Lakini Bodi ya Matibabu ya Askari Wastaafu ilikuwa inakaa Jumatatu. Ilikaa mara mbili kwa mwaka kuamua nani abaki na kadi nyekundu na nani apewe ya njano. Kadi nyekundu ilikuwa ya mlemavu asiyeweza kujisimamia, na ndiyo iliyofungua dirisha la dawa katika hospitali ya jeshi. Kadi ya njano ilikuwa ya mtu wa kazi nyepesi. Dirishani hiyo haikufungua hata pazia.

Mwaka uliopita Dereva, mwenzake baba aliyekuwa anaendesha vifaru, aliingia mbele ya bodi, akaona daktari mwanamke amekosa kiti, akainuka kumpisha. Adabu tu, ndivyo alivyolelewa. Karani akaandika: anasimama. Kadi ikabadilika rangi, na kabla mvua za pili hazijaanza Dereva alikuwa amezikwa.

Baba naye aliweza kusimama. Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Kipande cha chuma, kikubwa kama punje ya mahindi, kilikuwa kimelala kando ya uti wa mgongo wake tangu siku ya mapigano ya darajani, na madaktari wote waliokiona kwenye picha walisema kisiguswe. Akibana pumzi na kukaza magoti aliweza kusimama kama mlango uliofungwa kwa komeo bovu. Dakika mbili, pengine tatu. Kisha misuli ya miguu ilimkamata, ikamkunja, haja ndogo ikamtoka bila taarifa, na siku tatu zilizofuata nyumba nzima haikulala. Kilichoizuia mishtuko ile ni vidonge vya dirisha lile. Kimya aliwahi kuzunguka maduka yote ya dawa ya mtaani akiwa na jina la kidonge limeandikwa kwenye karatasi, maana kulitamka hakuweza. Wauzaji nao walishindwa kulitamka. Sasa kilikuwa kimebaki kibao kimoja na nusu cha vidonge vile.

"Tena!" Adui alisema, akatoka nje kuhesabu.

Ni kweli alikuwa adui. Katika vita vile alipigania upande wa pili, ule ulioshindwa. Walikutana na baba kwenye mkutano wa amani katika ukumbi wa shule moja. Wote wawili walikuwa wamekaa viti vya nyuma kabisa kwa sababu waliwaogopa watu na watu waliwaogopa wao. Waliulizana: wewe ulikuwa wapi? Kumbe walikuwa kwenye daraja lilelile, siku ileile, kila mmoja upande wake wa mto, wakirushiana moto toka asubuhi hadi saa tisa. Wangeweza kukabana roho palepale. Badala yake walicheka mpaka mwenye mkutano akawaomba watoke nje. Tangu siku hiyo Kimya alimwita baba mdogo.

Adui hakuwa na kadi ya rangi yoyote. "Nyinyi mnalia bodi inawanyima," alikuwa akisema. "Sisi tulioshindwa hatuna hata bodi ya kutunyima."

Kila Jumatano wawili hao walikwenda shule hii au ile kuzungumza na watoto juu ya vita. Adui alisukuma kiti kwa mkono mmoja, nacho kikaenda upande upande kama kaa, Kimya akikimbia kando kukinyoosha. Wakifika mbele ya darasa, Adui alianza: "Watoto, huyu bwana alitaka kuniua." Baba naye alijibu: "Nikamkosa. Nilikuwa askari hovyo." Watoto walicheka sana. Hapo baba aliinua ile picha ya mgongo wake kwenye mwanga wa dirisha, wakaona mifupa na ile punje nyeupe, kicheko kikazimika. Siku moja mtoto mmoja aliuliza, "Mzee, nani alishinda?" Baba akafikiri sana. "Sijui, mwanangu. Hospitali sikumwona mshindi hata mmoja."

Aliyasema hayo kwa moyo wake wote. Lakini lori la jeshi likipita barabarani, Kimya aliona vidole vya miguu vya baba vinajipanga ndani ya viatu. Redioni ikipigwa bendi ya gwaride, kiuno kilijiinua kitini kabla mwenyewe hajajua.

"Mdomo wako umeacha jeshi," Adui alimwambia, "lakini miguu bado imo kwenye orodha." Ndiyo maana ya mazoezi.

Siku ya sita Adui aliingia mara ishirini. Alinguruma, akapiga kisigino, akampa baba saluti ya mkono wa kushoto, akamtukania ukoo. Baba hakuinuka hata mara moja. Mara ya kumi na nane alipiga hata miayo.

"Umefaulu!" Adui alitupa mpini wa ufagio. "Wewe sasa ni mlemavu kamili, mwenye cheti."

"Nimefundishwa na bingwa. Nyinyi ndio mnaojua kukaa chini wenzenu wakipigana."

Walicheka hadi machozi. Kimya hakucheka. Tangu siku ya pili alikuwa ameona jambo. Baba alimtazama Adui kwa macho ya mtu anayemtazama nduguye, au mchekeshaji, au yule mtu wa ng'ambo ya mto, lakini hakumtazama hata mara moja kama mkubwa wake. Angeinuka vipi mbele ya mtu kama huyo? Kimya alitaka kusema: baba mdogo, wewe si mkubwa wake, haya mazoezi hayana maana. Neno likafika kwenye meno, likaona watu wawili wazima wanafurahi, likarudi lilikotoka. Akaendelea kuchambua maharage.

Jumatatu walifika geti la hospitali ya jeshi saa mbili. Mlinzi alimsimamisha Adui.

"Kitambulisho cha jeshi."

"Jeshi gani unataka?"

"Kwani yako mangapi? La serikali."

"Basi sina. Mimi nilikuwa lile lingine."

Mlinzi alimtazama juu mpaka chini, akamwonyesha jiwe lililo nje ya ukuta. "Kaa pale. Na usiguse kitu."

Adui akainama sikioni kwa Kimya. "Mwanangu, akitaka kunyanyuka, mkanyage."

Ndani kulikuwa na korido ndefu, rangi ya kijani imefika usawa wa bega, na harufu ya dawa ya kudekia ikichoma pua. Kwenye mabenchi wamekaa wastaafu, kila mmoja na bahasha yake ya karatasi za hospitali.

"Vipi, mguu wako haujaota bado?" mmoja alimuuliza jirani yake aliyekuwa na mguu mmoja.

"Namwagilia kila asubuhi. Mwaka huu wakiuona umechipua nitawaambia ni magugu."

Baba alicheka pamoja nao. Alikuwa amenyoa, na viatu alivipiga rangi mwenyewe hadi ukaweza kujiona meno. Kimya alimwambia kwa sauti ya chini, "Baba, kumbuka."

"Nakumbuka, mama."

"Usiseme 'niko sawa'."

"Mimi si mtoto, mama. Nimefaulu mara ishirini."

Waliitwa saa nne. Chumba kilikuwa na meza ndefu. Daktari mwanamke mwenye miwani alikaa mwisho mmoja, karani mwisho wa pili na fomu yake, pedi ya wino na muhuri. Kiti cha katikati kilikuwa kitupu. Kimya alisukuma kiti cha baba hadi kwenye mstari mweupe uliochorwa sakafuni, akafunga breki, akarudi nyuma hatua mbili. Mlango waliouingilia ulikuwa na springi, ukajifunga wenyewe.

Ukafunguliwa mlango wa ndani, akaingia mwenyekiti. Alikuwa kanali, mtu mzima, mvi zimekatwa fupi, sare imenyooka kama imepigiwa pasi mwilini mwake. Hakunguruma wala hakupiga kisigino. Aliketi, akafungua faili, akasoma taratibu, na bila kuinua macho akaita, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu anayeita orodha ya asubuhi:

"Saba, nne, mbili, sifuri. Koplo."

Hakuna aliyeona jinsi baba alivyoinuka. Kimya aliona blanketi liko sakafuni. Halafu akasikia visigino vikigongana, na sauti ya kijana, sauti ambayo hakuwahi kuisikia maisha yake yote, ikitoka kifuani mwa baba yake:

"Nipo, afande!"

Kanali aliinua uso. Alimwona mzee aliyesimama kama nguzo, kidevu juu, mkono kwenye kipaji cha uso hautikisiki. Naye akainuka, akajibu saluti. Macho yake yalilowa kidogo.

"Mnaona?" aliwaambia wenzake. "Hawa ndio askari. Siku hizi hawatengenezwi tena."

Karani alitia alama kwenye fomu. Kimya hakuwa msomaji hodari, lakini alama ya ndiyo aliijua.

"Keti, Koplo."

"Niko sawa, afande."

"Unaweza kusimama hivyo kwa muda gani?" daktari aliuliza.

"Kwa muda nitakaoamriwa, daktari."

Kimya aliona jasho linaanza kumchuruzika baba kisogoni na kuingia kwenye kola. Dakika moja. Alihesabu kama alivyokuwa akihesabu Adui nje ya mlango.

Kanali aligeuza karatasi. "Hapa nina taarifa kwamba unazunguka shule, wewe na mtu wa upande ule. Mnawakatisha vijana tamaa ya kujiunga."

"Nawaonyesha picha ya mgongo wangu, afande. Basi."

"Sikukatazi. Amani ni ya wote, na mimi pia nimezika watu. Lakini shule nne kwa mwezi, Koplo! Mtu anayeweza kuzunguka shule nne anaweza kukaa getini akaandika namba za magari. Au nakosea?"

Hapo ndipo baba angesema: nasukumwa, afande, na mtu mwenye mkono mmoja. Kimya alimwombea aseme. Midomo ya baba ilisogea.

"Hukosei, afande."

"Andika: kazi nyepesi."

Karani akaandika. Akavuta pedi ya wino.

"Ngoja," daktari alisema. Alivua miwani akamtazama Kimya, na Kimya akatamani sakafu imfungukie. "Binti, wewe ndiye unayemhudumia? Sheria inampa mtunzaji nafasi ya kusema. Una lolote?"

Wote watatu walimtazama. Aliyaona maneno yote, yamejipanga, na kila moja lilikuwa la aibu. Kusema ni kumvua baba nguo mbele ya jeshi lake. Kunyamaza ni kibao kimoja na nusu, kisha shimo alilolazwa Dereva. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini hawakusema uchi wenyewe ukiwa wa mzazi wako mtu afanyeje.

"Hana," karani alisema, akainua muhuri.

"Hawezi," Kimya alisema.

"Sema kwa sauti, mwanangu," daktari alisema.

"Hawezi kusimama. Hapo anaumia. Anabana pumzi, mtazameni shingo." Sauti ilitoka imekwaruzika, lakini ilitoka. "Namwogesha mimi. Namvalisha vitambaa, nachana mashuka, kwa sababu haja ndogo hawezi kuizuia. Akisimama namna hii, siku tatu anakunjwa na misuli. Hulia. Anauma mto ili nisimsikie, na anawaita watu wa darajani mmoja mmoja, wote walikufa, anawaita kwa majina yao. Shule namsukuma mimi na baba mdogo. Bila zile dawa atakufa kama Dereva. Afande, naomba msimnyime—"

"Nyamaza!"

Ilikuwa sauti ileile ya kijana. Baba hakugeuka. Alikuwa anaangalia mbele, ukutani juu ya kichwa cha kanali.

"Afande, binti yangu hakumaliza shule," alisema. "Ni mtoto mwema. Lakini akiogopa huzidisha chumvi. Naomba ruhusa kutoka."

Kanali alimtazama Kimya kwa huruma, halafu baba kwa heshima. Kati ya viwili hivyo alichagua alichokizoea.

"Ruhusa."

Baba aligeuka nyuma kwa kufuata kanuni, mguu kwa mguu, akaanza kutembea. Hakukigusa kiti. Kimya hakuwahi kumwona akitembea, kwa sababu alipojeruhiwa yeye bado ananyonya. Alitembea vizuri. Hilo ndilo lililomvunja moyo, kwamba baba yake alikuwa na mwendo mzuri namna ile na hakuwahi kujua. Hatua tisa. Akausukuma mlango, akatoka. Springi ikaufunga nyuma yake taratibu.

"Umejionea mwenyewe, daktari," kanali alisema.

Muhuri uligonga pedi ya wino.

Kimya alikimbia. Alipoufungua mlango, baba alikuwa ameshaanguka, miguu imejikunja tumboni, mikono imeshika sakafu ya saruji kama mtu anayezuia isimponyoke. Maji yalikuwa yanasambaa chini yake hadi kwenye viatu vyake vinavyong'aa. Hakupiga kelele. Alikuwa ameuma mkono wa koti. Wastaafu wote kwenye mabenchi walikuwa wamegeuza nyuso ukutani, na yule wa mguu mmoja pia, wamempa mwenzao faragha kwa njia pekee iliyokuwepo.

Mlango ulikuwa unajifunga tena. Kimya aliuzuia kwa mgongo.

"Funga," baba alisema kwenye meno. "Funga mlango, mama. Wasinione."

Nyuma yake Kimya alisikia karatasi ikinyooshwa mezani.

"Baba, nisamehe."

"Nakuomba. Ingia, au toka, lakini funga." Halafu, alipoona hausogei, "Nakuamuru!"

Tangu azaliwe hakuwahi kumkatalia. Aliusukuma mlango kwa mgongo mpaka springi ikalia, ukafunguka wote, ukagonga ukuta. Akajibanza hapo, mikono kaitandaza kwenye mbao. Na yule aliyeshindwa kuomba chumvi dukani alipiga ukelele uliofika hadi getini:

"Njooni mwone! Mmeandika anasimama! Njooni mwone anavyosimama!"

Daktari alifika kwanza, akapiga magoti palepale kwenye maji, akamshika baba mapaja yaliyokuwa yanaruka kama samaki. Kanali alikuja hadi mlangoni, akasita. Baba alimwona. Akiwa chini, mdomo umejaa kitambaa cha koti, alijaribu kukutanisha visigino. Havikukutana. Mkono wake mmoja ukaachia sakafu, ukapanda, ukatafuta kipaji cha uso.

Kanali aliangalia pembeni.

"Niandike nini, afande?" karani aliuliza kutoka ndani.

"Andika unachokiona," daktari alisema bila kuinua kichwa. "Kama huoni, sogea karibu."

Walimchoma sindano, wakamrudisha kitini watu wanne. Muhuri ulikuwa umeshagonga fomu ya kwanza, ikabidi ichanwe, ijazwe nyingine. Kadi aliyopewa Kimya ilikuwa nyekundu, lakini juu yake karani alikuwa ameandika kwa wino: miezi sita, kwa uangalizi. Baada ya hapo aje tena mbele ya bodi athibitishe.

"Athibitishe nini?" Kimya aliuliza.

"Hali yake," karani alisema. Na hakuwa mtu mbaya, kwa hiyo akaongeza kwa sauti ya chini, "Sasa hivi taarifa zinagongana, dada. Zipo zinazosema anatembea."

Getini Adui aliinuka kwenye jiwe lake. "Tumeipata?" Kimya akamwonyesha kadi. Adui akarusha mkono juu, akafungua mdomo kutania, kisha akauona uso wa baba, akaiona na suruali iliyolowa. Akaushusha mkono. Alivua koti lake kwa taabu, akamfunika magoti.

Waliingia barabarani. Baba ndiye aliyeanza kusema.

"Jumatano nenda peke yako."

"Niwaambie nini watoto peke yangu? Mimi ni nusu ya maneno tu."

"Waambie upendavyo. Mimi nimeitwa namba, nikaitika. Miaka yote nawaambia wasiipende ile sauti, leo nimeitwa nikaitika kama mbwa. Nitawainulia picha gani?"

"Kosa ni langu," Adui alisema. "Siku sita nakupigia kelele. Mimi nani hata uinuke mbele yangu?"

"Niliona," Kimya alisema. Wote wawili wakamgeukia. "Siku ya pili niliona, baba mdogo. Sikusema."

Adui alishika mpini wa kiti akasukuma. Walipofika kwenye njia panda aliwaaga kwa kichwa tu.

Nyumbani Kimya alimwogesha baba kama kawaida, kwa sabuni na maji ya vuguvugu, akaanzia mgongoni palipo na kovu. Baba aliutazama ukuta. Alimpa kidonge, akakimeza. Alimlaza, akakusanya suruali na vitambaa kwenye karai ili akafue kabla jua halijashuka. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia:

"Uliwaambia nalia."

"Ndiyo, baba."

Nje mtu alikuwa anapigilia misumari, akaacha, akaanza tena.

"Sikujua kama unasikia," baba alisema.

"Nasikia," Kimya alisema. "Ukuta wenyewe ni mbao, baba. Nasikia kila jina."

Baba alivuta blanketi hadi usoni. Kimya alisimama na karai mkononi, akisubiri kama ataambiwa jingine. Halafu akatoka kwenda kufua.